Padri Lorenzo Milani: Mwalimu wa Walioangushwa na Shule

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa ualimu huifikia siku anaposimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, chaki mkononi, akagundua kwamba nusu ya wanafunzi hawamsikilizi. Wengine wameviegemeza vichwa vyao juu ya madawati. Wengine wanachungulia dirishani. Wengine wamekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba hawawezi, nao wameamini. Nadharia zote alizozisoma katika kumbi za mihadhara humponyoka ghafla. Aghalabu mwalimu huyo mchanga huchagua njia nyepesi, yaani huwafundisha wachache waliokaa mbele na kuwaacha wa nyuma wajitafutie.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyekataa njia hiyo nyepesi. Padri Lorenzo Milani hakusomea ualimu, na shule iliyompa jina haikuwa na wanafunzi wengi kuliko darasa moja la shule zetu. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1967 yeye na wanafunzi wake walikuwa wametoa kitabu kilichoutikisa mfumo mzima wa elimu nchini Italia. Kwetu sisi tunaojifunza na kufundisha Kiswahili, maisha yake yana uzito wa pekee. Alipojiuliza kwa nini watoto wa maskini hushindwa shuleni, jibu alilolipata lilikuwa ni lugha.

Kuzaliwa na Malezi

Lorenzo Milani alizaliwa tarehe 27 Mei 1923 mjini Florence, katika ukoo wa watu wenye mali na elimu. Babu yake, Luigi Adriano Milani, alikuwa mwanaakiolojia. Domenico Comparetti, baba wa nyanya yake mzaa baba, alikuwa mwanafilolojia aliyejulikana kote Ulaya. Mama yake, Alice Weiss, alitoka katika familia ya Kiyahudi ya mji wa Trieste. Katika nyumba kama hiyo vitabu havikuwa kitu cha ajabu, na mtoto aliyapata maneno bila jasho, jinsi samaki ayapatavyo maji. Neema hiyo ndiyo iliyokuja kumsumbua nafsi alipokutana na vijana walioikosa.

Wazazi wake hawakuwa watu wa dini. Mnamo mwaka 1930 familia ilihamia Milan, na huko Lorenzo akasoma shule ya sekondari. Ndoto yake ilikuwa kuwa mchoraji. Mwaka 1941 alijifunza uchoraji chini ya Hans-Joachim Staude mjini Florence, kisha akaendelea na masomo hayo katika chuo cha sanaa cha Brera, Milan. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vikiendelea, nayo mioyo ya vijana wengi ilikuwa ikitafuta pa kushika. Mnamo Juni 1943 Lorenzo aliipokea imani ya Kikatoliki kwa dhati, na Novemba mwaka huohuo akaingia seminari mjini Florence. Alipewa daraja ya upadri tarehe 13 Julai 1947, akiwa na umri wa miaka 24.

Mwanagenzi katika San Donato

Mwezi Oktoba 1947 padri huyo kijana alipelekwa San Donato di Calenzano, karibu na mji wa Prato, awe msaidizi wa paroko mzee, Padri Daniele Pugi. Prato ni mji wa viwanda vya nguo. Vijana wengi wa San Donato walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wakulima walioiacha shule wangali wadogo. Wengine walifuata siasa za Kikomunisti, wengine siasa za chama cha Wakristo, na makundi hayo mawili hayakupikika chungu kimoja.

Milani alianza kama mapadri wote waanzavyo, kwa mahubiri na katekisimu. Haukupita muda kabla hajatambua kwamba maneno yake yanapita juu ya vichwa vya wasikilizaji. Kilichokosekana hakikuwa akili wala nia njema. Vijana hao hawakuwa na maneno ya kutosha kuifuata hoja ndefu, kulisoma gazeti hadi mwisho, wala kumjibu mwajiri ofisini mwake. Mtu wa namna hiyo, aliona Milani, hawezi kuwa raia kamili.

Hapo ndipo alipoanzisha shule ya jioni. Mapadri wengine wa enzi hiyo waliwavuta vijana kwa mpira, michezo ya mezani na filamu. Milani aliikataa chambo hiyo. Aliona ni dharau kumdhania kijana maskini kuwa hawezi kuvutwa na jambo lolote zito. Aidha, aliuondoa msalaba ukutani mwa darasa, ili kijana asiye muumini asidhani kwamba ametegewa mtego wa kidini. Wapinzani wa kisiasa wakakaa benchi moja. Siku za Ijumaa aliwaalika wataalamu kutoka mjini, nao vijana wakawa na ruhusa ya kuwauliza maswali hadi waridhike.

Tuzingatie kwamba mwanagenzi huyu hakuwa na mtalaa wala cheti cha kuwaahidi wanafunzi wake. Watu waliochoka kwa kazi ya mchana kutwa walikuja usiku kusoma kwa sababu mbili tu. Yaliyofundishwa yaliyagusa maisha yao, na aliyewafundisha aliwachukulia kuwa watu wazima wenye akili timamu.

Kuhamishiwa Barbiana

Kazi hiyo haikuwafurahisha wote. Wapo waliomwona padri huyu kuwa mkaidi, na wapo waliomwona kuwa rafiki wa Wakomunisti. Mzee Pugi alipofariki mwaka 1954, wengi walitarajia kwamba msaidizi wake angerithi parokia. Badala yake, mnamo Desemba 1954 Milani alipelekwa Barbiana, kwenye miteremko ya mlima Giovi katika eneo la Mugello. Palikuwa na kanisa, nyumba ya padri, makaburi machache na nyumba za wakulima zilizotawanyika msituni. Hapakuwa na umeme, hapakuwa na maji ya mfereji, wala hapakuwa na barabara ya kuufikisha gari mlangoni. Wakazi wake walikuwa takriban mia moja na ushei. Kwa padri msomi wa miaka 31, hiyo ilikuwa adhabu isiyohitaji kutajwa jina.

Alichokifanya Milani mara tu alipofika kimesimuliwa sana. Alinunua nafasi ya kaburi lake katika makaburi hayo madogo. Ujumbe ulikuwa wazi kwa wanakijiji na kwake mwenyewe: hakuja kupita. Mwalimu anayepelekwa mahali pagumu huanza mara nyingi kuhesabu miezi iliyobaki kabla ya uhamisho, na wanafunzi wana macho makali ya kulitambua jambo hilo. Wanapomwona mwalimu wao yumo njiani, nao hawaoni sababu ya kujifunga kibwebwe.

Shule Isiyo na Kengele

Watoto wa Barbiana walikuwa na shule ya msingi ya chumba kimoja. Baada ya hapo safari yao iliishia malishoni. Mwaka 1956 Milani aliwachukua wavulana sita waliomaliza shule ya msingi, akaanza kuwafundisha mchana kutwa ili wafanye mitihani ya nje kama watahiniwa wa kibinafsi. Shule ilianza asubuhi na kumalizika jioni, saa kumi na mbili kwa siku, siku zote za mwaka pamoja na Jumapili na sikukuu. Hapakuwa na kengele, likizo, alama wala ripoti ya muhula.

Msomaji atauliza iwapo watoto walistahimili. Ukweli ni kwamba mbadala wa shule kwao haukuwa kucheza, bali kazi ya zizini. Kwa mvulana aliyekuwa na ng'ombe 36 nyumbani, kukaa darasani hadi jioni hakukuwa mateso hata kidogo. Milani aliielewa hali hiyo kwa sababu aliishi miongoni mwao.

Desturi ya kwanza ya shule hiyo ilihusu mwanafunzi aliye nyuma. Hakuna aliyesonga mbele hadi yule mzito kuliko wote aelewe. Aliyekuwa hodari hakupewa tuzo. Alipewa kazi ya kumfundisha mwenzake. Hivyo, mvulana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne aliweza kuwa mwalimu wa wadogo wake, na katika kuwafundisha akagundua mapengo ya elimu yake mwenyewe. Desturi ya pili ilikuwa kujifunza kwa mikono na macho. Walichora ramani zao, walitengeneza meza na viti vyao, waliunda kifaa cha kupimia mahali pa nyota, na walichimba bwawa dogo la kuogelea ili watoto wa mlimani waondokane na hofu ya maji. Desturi ya tatu ilikuwa kuuleta ulimwengu Barbiana. Kila mgeni aliyepanda mlima huo, awe profesa au fundi, alikalishwa chini akaulizwa maswali. Vijana waliokua walipelekwa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani wakafanye kazi za mikono na kujifunza lugha za huko. Ukutani mlibandikwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kujali. Milani aliyachagua kuwa kinyume cha kaulimbiu ya Mafashisti, ambayo ilijivunia kutojali.

Neno kwa Neno

Kitovu cha shule hiyo kilikuwa lugha. Kila siku gazeti lilisomwa kwa sauti, kuanzia juu hadi chini. Walipolifikia neno gumu, msomaji alisimama. Neno lilichambuliwa, asili yake ikatafutwa, jamaa zake zikatajwa, na historia iliyolibeba ikasimuliwa. Neno moja la siasa liliweza kuzaa somo la jiografia, la historia na la sheria. Kwa mtazamo wa Milani, kumfundisha mtoto wa mkulima maneno elfu moja zaidi kulikuwa sawa na kumvunjia mnyororo, kwa kuwa mwajiri na mwanasheria humtawala kwa maneno asiyoyajua.

Usomaji huo wa magazeti haukuwa mchezo. Mnamo Februari 1965 darasa lilisoma tamko la makasisi wa kijeshi lililowalaumu vijana wanaokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri. Milani na vijana wake waliandika jibu. Jibu hilo lilimfikisha mahakamani mjini Roma kwa shtaka la kuchochea uvunjaji wa sheria. Wakati huo alikuwa akiugua saratani ya tezi na hakuweza kusafiri, hivyo akawaandikia mahakimu utetezi wake. Tarehe 15 Februari 1966 mahakama ilimwachilia, ingawa upande wa mashtaka ulikata rufaa. Wanafunzi wake walijionea kwamba maneno yana gharama, na kwamba mwalimu wao alikuwa tayari kuilipa.

Mtihani na Barua

Kwa miaka kadhaa Barbiana iliwapokea vijana walioangushwa na shule za serikali. Wawili kati yao wanaelezwa katika kitabu cha shule hiyo. Sandro alikuwa na umri wa miaka 15 na kimo cha mtu mzima, na walimu wake walitaka alirudie darasa la kwanza la sekondari kwa mara ya tatu. Gianni alikuwa na miaka 14, akili yake ikitangatanga, akiyachukia maandishi kama sumu. Barbiana haikuwauliza alama zao. Sandro alichangamka mara alipotendewa kama mtu, akaruka madarasa na kuufaulu mtihani wa kumaliza. Gianni alikuwa mgumu zaidi. Alianza kuyapenda baadhi ya masomo, lakini mtahini akamkejeli mbele ya watu kwamba hajui kujieleza. Alikwenda kutafuta kazi, na shule ikampoteza kabisa.

Hatuna budi kuikumbuka habari ya Gianni, kwa maana simulizi nyingi za walimu mashujaa huishia kwa ushindi. Milani naye alishindwa mara kwa mara, na kushindwa huko kulimuuma.

Baadaye, vijana wawili wa Barbiana waliojiunga na chuo cha kuandaa walimu mjini Florence walianguka mtihani. Badala ya kuwafariji kwa maneno matamu, Milani aliigeuza aibu hiyo kuwa somo. Vijana wanane wa shule hiyo walianza kumwandikia mwalimu aliyewaangusha barua, na barua ikakua ikawa kitabu. Ilikuwa mwaka 1966, mwalimu wao akiwa kitandani kwa muda mrefu wa siku.

Namna walivyoandika inapasa kuwavutia wote wanaofundisha utunzi wa insha. Kila mmoja alitembea na daftari dogo, na kila alipopata wazo alilinakili katika kikaratasi chake. Siku moja vikaratasi vyote vilikusanywa mezani. Vilivyorudia wazo moja viliondolewa, vilivyohusiana vikapangwa katika mafungu, na kila fungu likawa sura. Mafungu makubwa yaligawanywa kuwa aya, kisha mpangilio ukajadiliwa. Hatimaye wote waliingia kazini kupunguza: neno lisilohitajika, neno gumu lisilo na sababu, sentensi iliyobeba mambo mawili. Mtu wa nje, hasa asiye na elimu ya juu, aliitwa asikilize, na alipotatizika wao ndio waliosahihisha maandishi yao. Walikuwa wamefundishwa kwamba uandishi ni kazi ya mikono, nayo hujifunzwa kama useremala.

Kitabu hicho, Lettera a una professoressa, kilichapishwa mwezi Mei 1967 kwa jina la Shule ya Barbiana. Kinawalinganisha Gianni, mtoto wa mkulima, na Pierino, mtoto wa daktari ambaye aliijua kalamu kabla ya kuingia shuleni. Vijana hao walikusanya takwimu za shule za nchi nzima na kuzichorea majedwali, wakaonyesha kwamba wanaoangushwa ni watoto wa maskini kuliko wengine wote. Walilalamika kwamba shule inayowapimia sawa watoto wasio sawa inaitetea dhuluma kwa jina la haki. Kisha wakapendekeza mambo matatu. La kwanza, watoto wasiangushwe katika elimu ya lazima. La pili, wanaoonekana wazito wapewe shule ya kutwa nzima. La tatu, wanaoonekana wavivu wapewe lengo. Lengo lenyewe walilitaja kuwa kuwatumikia wenzao, na hatua ya kwanza ya kulifikia ni kuielewa na kuimiliki lugha.

Kifo na Urithi

Padri Milani alifariki tarehe 26 Juni 1967 nyumbani kwa mama yake mjini Florence, mwezi mmoja hivi baada ya kitabu kutoka. Alikuwa na umri wa miaka 44. Alizikwa Barbiana, katika kaburi alilolinunua alipofika. Rufaa dhidi yake ilikuwa haijaamuliwa. Kitabu chake cha kwanza, Esperienze pastorali cha mwaka 1958, kilikuwa kimeondolewa sokoni kwa amri ya Vatikani mwaka huohuo. Miaka hamsini baada ya kifo chake, tarehe 20 Juni 2017, Papa Fransisko alipanda hadi Barbiana kuliombea kaburi hilo.

Barua ya Barbiana ilisomwa sana na wanafunzi waliofanya maandamano mwaka 1968, na ikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1971 Italia ilipitisha sheria iliyofungua njia ya shule za msingi za kutwa nzima, jambo ambalo vijana hao walilipigania. Miongoni mwa wanafunzi wake, Michele Gesualdi alikuwa mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, kisha rais wa Mkoa wa Florence kati ya mwaka 1995 na 2004.

Lakini hatutamtendea haki tukimfanya malaika. Milani alikuwa mkali, na hakusita kutumia adhabu ya viboko ambayo leo hatuwezi kuitetea. Hakuwapa watoto mapumziko. Wasichana walikuwa wachache shuleni mwake, kwa kuwa wazazi wengi wa mlimani hawakuona haja ya kuwasomesha. Isitoshe, saa kumi na mbili kwa siku bila familia ya kulea ni jambo ambalo mwalimu wa kawaida hawezi kuliiga.

Hitimisho

Je, mwalimu mchanga wa Kiswahili ana la kuokota hapa? Yapo, ingawa si kila kitu. Darasa la nyuma katika shule zetu limejaa akina Gianni. Wengi wao hawakuisikia lugha ya vitabu nyumbani. Wamekulia katika Sheng au lugha ya mama, kisha wakakutana na maswali ya ufahamu yaliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyewahi kuwafafanulia. Tunapozirudisha insha zao zikiwa zimejaa wino mwekundu, tunawaambia walichokosa bila kuwapa. Milani angetutaka tuulize kwanza ni neno gani liliwafungia mlango, kisha tuanzie hapo.

Kadhalika, angetutaka tuamini kwamba mwanafunzi hahitaji kubembelezwa kwa michezo ili asome. Anahitaji kuiona sababu. Barua ya kuomba kazi, hotuba ya chifu, habari ya gazeti, mkataba wa shamba la babu: hivi vyote ni Kiswahili, na vyote vina uzito kwa kijana aliyekata tamaa. Mwisho, mwanafunzi huyo humtazama mwalimu kujua kama yupo au anapita. Si lazima tununue kaburi mahali tunapopangiwa kazi. Ila darasa likituona tumekwisha kufungasha mizigo katika wiki ya kwanza, tusilishangae likikataa kusoma.